Mlingoti wa Wilaya na Wimbi la Dola

Mkazi wa Ruanda, kata ya Wilaya ya Mbozi katika Mkoa wa Songwe, akitaka kusimamisha mlingoti wa mkaratusi uwanjani kwake na kutandaza juu yake uzi wa shaba ili apate kusema na walimwengu kwa simu ya upepo, huingia bila ya kukusudia katika himaya za mamlaka mbili zisizojuana sana. Mlingoti ni jambo la ardhi, na ardhi ina serikali yake iliyo karibu, kuanzia kijiji na kata hata halmashauri iliyoko Vwawa. Ama wimbi litokalo katika uzi ule, hilo halina ardhi wala mpaka, na dola, iwe ya Mdachi, ya Mwingereza au ya Mtanzania mwenyewe, haikupata hata mara moja kumwachia jumbe, chifu au diwani hukumu juu yake. Tarehe ya mgawanyo huo ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, na ndani yake mna jambo linalostahili kutazamwa kwa utuvu, nalo ni kwamba serikali zote hizo ziliiogopa simu ya upepo kwa sababu ya siri muda mrefu kabla ya kuiogopa kwa sababu ya kuunguza, na usalama wa mwili wa mwenye mtambo na wa jirani yake ndio uliokuja mwisho kabisa katika orodha ya mambo yaliyotungiwa sheria.

Kabla ya wimbi palikuwa na waya. Nyanda zilizo baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika zilipitiwa na simu ya waya ya Cecil Rhodes, ambaye aliota kuunganisha Rasi ya Tumaini Jema na Misri kwa nguzo na nyaya, na ambaye mwaka 1899 alilazimika kwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm II, kwa kuwa waya wake haukuweza kufika kaskazini bila ya kukanyaga nchi ya Wadachi. Safari ile inatufunza tabia ya waya: maadamu unahitaji nguzo, na nguzo inahitaji shimo, na shimo linahitaji ardhi, basi mwenye ardhi ana kauli. Waya ule ulifika Abercorn, mji uitwao Mbala leo, ukaendelea mpaka Ujiji, na hapo ukakoma, kwa kuwa Rhodes alikufa mwaka 1902 na ndoto yake haikupata mrithi mwenye mfuko wa kutosha.

Wadachi nao, ambao kwa sheria yao ya mwaka 1892 walikuwa wameifanya simu ya waya kuwa haki ya dola peke yake, waliongeza mwaka 1908 ibara iliyoitia simu ya upepo katika haki iyo hiyo, na kwa mujibu wake hapakuwa na raia aliyeweza kurusha wimbi pasipo idhini. Vituo walivyovijenga katika Afrika ya Mashariki yao, Bukoba na Mwanza kwanza, kisha Dar es Salaam mwaka 1913, vilikuwa mali ya serikali kwa kila msumari, na thamani yake ilidhihirika pale manowari ya Kiingereza, Astraea, ilipokuja kukipiga mizinga kituo cha Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kutangaza vita. Adui hakuanza na ghala wala boma. Alianza na mnara. Tangu siku hiyo jeshi la Wadachi, chini ya jemadari wao Lettow-Vorbeck, likawa kama mtu asiye na kinywa, linaweza kusikia kidogo lakini haliwezi kujibu. Na mwezi wa Novemba 1917 ndege kubwa ya puto, L59, iliyotoka Jamboli katika Bulgaria kuliletea jeshi hilo silaha na dawa, ilirudishwa njiani ikiwa imekwisha kufika juu ya Sudani, magharibi ya Khartoum, kwa amri iliyopelekwa kwa simu ya upepo, ilhali wale waliokuwa wakiletewa msaada hawakuwa na mtambo wa kusema njooni au rudini. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Oktoba, jeshi hilo lilipita katika nchi ya Mbozi, likaishambulia Fife ng'ambo ya mpaka, likazama Rhodesia ya Kaskazini. Na habari ya kwamba vita vimesimama tarehe 11 Novemba 1918 haikulifikia ila tarehe 13, kwa karatasi iliyokutwa mikononi mwa tarishi wa pikipiki aliyetekwa. Si ajabu basi kwamba watawala wa Kiingereza waliokuja baada ya vita waliirithi simu ya upepo kama mtu anavyorithi bunduki, yaani kitu cha kufungiwa sandukuni na kuandikwa daftarini.

Wakati huo huo, mbali na nchi hii, watu wa kawaida, waitwao watu wa ridhaa kwa kuwa hawakufanya kazi hiyo kwa malipo, walikuwa wamekwisha kuupenda mchezo wa mawimbi. Uingereza ilianza kutoa leseni kwa sheria yake ya mwaka 1904. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1912, iliwasukuma watu hao wa ridhaa chini ya mita 200, katika mawimbi mafupi ambayo wakubwa wa serikali na makampuni waliyaona kuwa hayafai kitu. Dharau hiyo ilikuwa bahati, kwa sababu mwezi wa Novemba 1923 waendeshaji wa ridhaa wa Ufaransa na Marekani walizungumza kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mawimbi yayo hayo yaliyotupwa, na wataalamu wakabaki kuzishika ndevu zao. Mkutano wa kimataifa wa Washington wa mwaka 1927 ndio uliowapa watu hawa mahali pao katika sheria ya ulimwengu, ukawatengea masafa maalumu na ukatia nguvu utaratibu wa kila kituo kuwa na alama ya mwito ianzayo na herufi za nchi yake. Tanganyika ikaja kujulikana hewani kwa VQ3, Kenya kwa VQ4, Uganda kwa VQ5, na Unguja kwa VQ1, ambayo ilitafutwa na wakusanyaji wa miito duniani kote kama watafutavyo lulu wapiga mbizi, kwa kuwa waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache mno.

Sasa tuitazame Mbozi. Gavana Donald Cameron alipotunga Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926 aliwapa machifu, wale wa Unyiha na wa Unyamwanga pamoja na wenzao wa nchi nzima, mamlaka ya kutoa amri katika mambo mengi: utengenezaji wa pombe, uchukuaji wa silaha, ukataji wa miti, uchafuzi wa maji, na kuzuia maradhi ya kuambukiza. Ukiisoma orodha hiyo leo utaona kwamba karibu yote yaliyomo ni ya usalama wa watu mahali walipo, na kwamba mtunzi wake aliamini kuwa hatari inajulikana zaidi na yule anayeishi nayo. Lakini simu ya upepo haikuingizwa. Ilibaki katika mikono ya Posta, na Posta yenyewe, tangu kuunganishwa kwa idara za Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1933, ilikuwa na makao yake makuu Nairobi. Mlowezi wa Mbozi aliyetaka kufunga mtambo wake shambani, karibu na mibuni yake, aliandika barua iliyosafiri mamia ya maili kwenda kwa mtu asiyeijua Mbozi, wala radi zake za masika, wala nyumba zake za nyasi; na jibu lilikuja na masharti yasiyogusa hata moja la hayo.

Walowezi wa Mbozi wenyewe walikuwa sababu ya dola kutolala usingizi. Wadachi walioruhusiwa kurudi Tanganyika tangu mwaka 1925 walikaa kwa wingi katika Nyanda za Juu za Kusini, na mashamba yao ya kahawa yakasitawi Mbozi. Mwezi wa Januari 1932 njia ya ndege ya Imperial Airways kutoka London ilifikishwa Cape Town, na Mbeya ikawa mojawapo ya vituo vyake, njia ambayo haikuweza kuendeshwa bila ya simu ya upepo ya kuwapa marubani habari za mawingu na pepo. Kwa hivyo katika mwendo wa saa chache tu wa gari palikutana vitu vitatu ambavyo serikali ya kikoloni isingependa kuviona pamoja: uwanja wa ndege wa njia kuu, watu wa taifa lililokuwa likijiandaa kwa vita, na redio za mawimbi mafupi zilizokuwa zikipokea sauti ya Zeesen, kituo kikubwa cha Wadachi karibu na Berlin. Septemba 1939 ilipofika, leseni za kurusha mawimbi za watu wa ridhaa zilifutwa katika Uingereza na katika makoloni yake na mitambo ikachukuliwa, wanaume wa Kidachi wakatiwa kizuizini, na mashamba yao, ya Mbozi yakiwamo, yakawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Naona insafu kusema kwamba hofu ile haikuwa ya kipumbavu. Mwaka 1942 Waingereza wenyewe waliigeuza shule ya Allidina Visram ya Mombasa kuwa mahali pa kunasa na kufumbua siri za mawimbi ya Wajapani, na mtu anayeiba maneno ya mwenzake hewani hakosi kujua kwamba yake nayo huweza kuibwa.

Vita vilipokwisha, leseni zikarudi, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo panapoonekana wazi kile ambacho sheria ilikiona na kile ambacho haikukiona. Leseni ya mtu wa ridhaa, kwa desturi ya Kiingereza iliyoenea katika makoloni, ilimtaka afaulu mtihani, ajue alama za Morse, asipite nguvu aliyowekewa, aseme alama yake ya mwito, aandike katika daftari kila mazungumzo na saa yake, asipeleke habari za biashara wala ujumbe wa mtu wa tatu, na asiingilie masafa ya wengine. Kila sharti katika hayo lina maana, na yote yanahusu ama siri ama mwingiliano. Hakuna hata moja linalouliza mlingoti utaangukia wapi.

Walakini hatari zilikuwapo, na kila mwenye mtambo alizijua kwa kuonywa na wenziwe. Mtambo wa zama zile ulitumia valvu, zile taa za kioo zilizohitaji volti mia kadhaa, na katika mitambo mikubwa elfu na zaidi, na vyombo vya kuhifadhia umeme ndani yake viliweza kubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa, hata mtu aliyeingiza mkono akidhani mtambo umekufa akakuta kwamba ndiye anayeweza kufa. Mafundi waliwafundisha wanafunzi wao kutia mkono mmoja mfukoni wanapogusa ndani ya mtambo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Na hekima hiyo ya mkono mmoja, ambayo kwa maoni yangu imeokoa roho nyingi kuliko kanuni nyingi zilizopigwa chapa, haikuandikwa na serikali yoyote. Pili ni radi. Nyanda za Mbozi, kuanzia Novemba hata Aprili, hupata mvua za ngurumo, na uzi wa shaba uliotandazwa juu ya mlingoti mrefu katika uwanda ulio wazi haufai kuachwa umefungwa kwenye mtambo wingu linapokaribia. Mwenye akili huufungua, huutoa nje ya nyumba, na huuunganisha na chuma kilichozikwa ardhini. Tatu ni mlingoti wenyewe, ambao ukiwa wa mti huliwa na mchwa kutoka chini mahali pasipoonekana, na siku ukianguka hauchagui baina ya paa la mwenyewe na la jirani. Hatari zote tatu hizi ni za mahali, naye awezaye kuzitazama kwa macho ni mtu wa mahali. Lakini yeye hakuwa na neno katika leseni.

Uhuru ulibadili herufi kabla ya kubadili mambo. Tanganyika iliingia katika Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano mwaka 1962, na VQ3 ikaachia nafasi 5H, ambayo ndiyo ya Tanzania hadi sasa; Kenya ikachukua 5Z, Uganda 5X. Waliorusha mawimbi ya ridhaa katika miaka hiyo walikuwa wachache, na aghalabu wageni: wamisionari, walimu, wahandisi wa miradi. Kwa mwananchi, simu ya upepo ilikuwa kitu cha polisi, cha hospitali za misheni, na cha Madaktari wa Ndege waliokuwa tawi la AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, ambao mitambo yao ya mawimbi mafupi iliunganisha zahanati za mbali na Nairobi. Nayo siasa ya zama ilizidisha tahadhari. Unguja, kituo cha Wamarekani cha Tunguu kilichofuatilia vyombo vya anga vya mpango wa Mercury kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, kwa kuwa minara ya mgeni ilishukiwa kusikia zaidi ya nyota. Bara, nchi ilikuwa mwenyeji wa vyama vya ukombozi, na Tunduma, mlango wa kwenda Zambia, ilipitiwa na malori ya mafuta baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, na baadaye na reli ya TAZARA. Mahali kama hapo mtambo usiojulikana haungekaa siku nyingi pasipo mwenyewe kuulizwa. Kuhusu halmashauri hakuna mengi ya kusema, kwani tangu mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na katika miaka ile kumi hapakuwa hata na diwani wa kulalamikiwa juu ya mlingoti.

Ilimu ya madhara ya mawimbi kwa mwili ilikuwa ikikua kwingineko, na ilikua kwa ugomvi. Wimbi la redio halina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu kama ifanyavyo mionzi ya eksirei. Madhara yake yaliyothibiti ni kupasha joto nyama ya mwili, na kuunguza ngozi ya mtu agusaye uzi wakati mtambo unaporusha. Wamarekani mwaka 1966 waliweka kikomo cha milliwati 10 kwa kila sentimita mraba. Wasovieti, waliokuwa wameweka chao katika miaka ya 1950, walisimama kwenye sehemu moja ya elfu ya hicho, na kwa muda mrefu kila upande uliuona wa pili kuwa ama mzembe ama mwoga. Miongozo ya kamati ya kimataifa iitwayo ICNIRP, ya mwaka 1998, ndiyo iliyokubaliwa na nchi nyingi, na kwa watu wa kawaida, katika masafa ya megahezi 10 hadi 400, iliweka kikomo cha wati 2 kwa kila mita mraba. Mtu wa ridhaa wa Ruanda anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe: mtambo wa wati 100 ukirusha mfululizo kwa antena ya kawaida ya nusu wimbi hufikia kikomo hicho umbali wa mita mbili na nusu hivi kutoka kwenye uzi, na tukitia hofu ya mwakisiko wa ardhi, mita tano. Uzi ukiwa juu ya mlingoti wa mita kumi, mtoto apitaye chini hana la kuogopa. Ukiwa umefungwa dirishani karibu na kitanda, hilo ni jambo jingine.

Ugomvi wa nani asimamie haukuwa wetu peke yetu. Marekani, ambako miji ina mazoea ya kutunga kanuni za urefu wa kila kitu kisimamacho, serikali kuu ililazimika mwaka 1985 kutamka kwamba miji iwaachie watu wa ridhaa antena kwa kiasi cha haki. Na kuanzia mwaka 1998 watu hao walitakiwa kupima wenyewe nguvu ya mawimbi yao kwa majirani. Uingereza ilingoja mpaka mwaka 2021 ndipo ikatia sharti la namna hiyo katika leseni, kwa kila mwenye kurusha zaidi ya wati 10 kwa kipimo cha nguvu inayotoka kwenye antena. Ukizitazama tarehe hizo, utaona kuwa nchi zilizotangulia kuwafunga watu kwa kusema hewani bila idhini hazikutangulia kuwalinda na joto la hewa hiyo.

Kwetu, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Posta ya Nairobi ilikoma kuwa yetu, likaundwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Sheria ya mwaka 1993 ikazaa Tume ya Mawasiliano, nayo mwaka 2003 ikaunganishwa na Tume ya Utangazaji kuwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo ndiyo itoayo leseni za masafa hata za watu wa ridhaa, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mionzi ilikwenda njia yake: sheria ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na ile ya mwaka 2003 ikaweka mahali pake Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, ambayo hupima pia mionzi isiyo na nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulizirithi ofisi hizi zikiwa zimekwisha kugawana kazi: masafa kwa TCRA, ambayo kanda yake ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, joto la wimbi kwa TAEC, na ujenzi kwa halmashauri.

Hofu ya wananchi, ilipokuja, haikumwelekea mtu wa ridhaa, ambaye wengi hawajamwona, bali minara ya simu za mkononi iliyoota vilimani, na wabunge wakauliza mara kwa mara kama inaleta maradhi. Lakini mnara wa kampuni una mhandisi, kinga ya radi na uzio. Mlingoti wa mkaratusi hauna hivyo ila mwenyewe avipende. Na ni huo ambao afisa ujenzi wa wilaya angeweza kuukagua kwa macho yake na shoka la kugonga shina, akauliza waya wa ardhini uko wapi na nyumba ya jirani iko umbali gani, bila ya kujua lolote la megahezi. Sioni sababu ya kanuni ndogo ya halmashauri kutokuwa na kifungu cha namna hiyo, wala sioni itaiondolea TCRA nini.

Tunduma ina shida yake zaidi. Mpaka unapita ndani ya mji, na Nakonde ya Zambia iko upande wa pili wa barabara, ambako alama za mwito huanza na 9J na leseni hutolewa na mamlaka ya mawasiliano iliyoko Lusaka. Waendeshaji wawili, mmoja huku na mmoja kule, wanaweza kuonana kwa macho na bado kila mmoja akalazimika kuitaja nchi yake anapomwita mwenzake. Na ikiwa mlingoti wa mmoja utaangukia ng'ambo, mlalamikaji atakwenda kwanza kwa mabaraza ya mji, Tunduma au Nakonde, na huko ataambiwa kwamba mambo ya redio hayashughulikiwi hapo.